Ng'ombe wa Mzee Makuru na Mashine Isiyovunjika

Nakumbuka siku moja Mugeta, na ili usije ukasema nimetunga, nakutajia kwanza waliokuwapo. Alikuwapo Mzee Makuru, mwenye boma. Alikuwapo mkewe, Mama Magesa, jikoni na kuku wa wageni. Alikuwapo kijana wao Magesa, mwoaji, ndani ya shati jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Kutoka Butiama, upande wa binti, walikuwapo wageni wawili: Mzee Kisiri, msemaji wao, na Shangazi Nyamisi, dada wa baba wa huyo binti. Alikuwapo Masatu, bwana mifugo, na sanduku lake la chanjo. Nilikuwapo mimi, na mashine mkononi. Na walikuwapo ng'ombe ishirini, ambao hawakusema neno lakini ndio walioleta maneno yote.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa kwa kuzaliwa wewe ni mdogo wangu wa mwisho. Umri wa kuitwa bibi sijaufikia, lakini mtu akiachiwa wadogo watatu akiwa kidato cha pili, uzee anauanza mapema. Nimesikia umepata kazi ya kusoma mita za maji hapa Musoma, na umekabidhiwa ile simu nene ya kazi, yenye mpira pembeni, inayoanguka kwenye mawe ikaendelea kuwaka. Nimefurahi sana. Ila jana nimesikia pia kwamba ulikaa kwa mama lishe, sahani mbele yako, ukawa unawasimulia wenzako nyumba ya nani imekatiwa maji na nani amejiunganishia bomba kwa jirani. Wakacheka, nawe ukaongeza. Ndiyo maana naandika haya, kwako na kwa vijana wenzako mliopewa hizo simu.

Mimi nilipewa ya kwangu zamani kidogo, zilipokuwa ngeni. Tulifundishwa Bunda kwa siku chache. Mwalimu aliiangusha kwenye sementi, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaikanyaga kwa kiatu. Ikawaka. Tukapiga makofi kama tumeona muujiza. Tulifundishwa kuibeba, kuichaji, kuifuta vumbi. Mdomo hatukufundishwa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Ng'ombe walikuwa wameshavishwa hereni za plastiki masikioni. Siku ya chanjo, unaisogeza mashine karibu na hereni, kioo kinakuonyesha jina la mmiliki na kama mnyama amechanjwa. Ng'ombe akiwa wa boma hilo, mashine inalia mara moja: pii. Akiwa ameandikishwa kwa mtu mwingine, inalia mara mbili, kwa ukali, kama inayokamata mwizi: pii-pii.

Masatu alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza, "Nyangeta, mfugaji mmoja tu akija kulalamika ofisini, mashine nampa mwingine. Wanaoitaka wako wengi." Nililishika neno hilo, kwa sababu unga mliokuwa mnakula ninyi watatu ulitoka kwenye mashine hiyo. Usiku nilikuwa nailaza kwenye mto, mimi nikalala pembeni.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa Mugeta angelijua, na mimi sikulijua. Sisi tumezaliwa Mugango, watu wa ziwani. Kwetu hakuna anayeazima sangara ili wakwe wamwone. Kwa wafugaji ni tofauti. Wakwe wanapokuja kutazama boma, boma linatakiwa lijae. Basi marafiki wanaleta ng'ombe wao siku hiyo, jioni wanawachukua, kama vile sisi tunavyoazima viti na masufuria ya harusi. Hakuna anayeita huo wizi. Na hakuna anayehesabu kwa sauti mbele ya mgeni. Ukimwuliza mzee ana ng'ombe wangapi, anakujibu, "Wapo wapo tu."

Tulifika bila kutarajiwa. Wageni wa Butiama walikuwa wamekaa kivulini kando ya ghala, vikombe vya chai mkononi, na Mzee Makuru alikuwa anawaonyesha dume moja kubwa jekundu. Alisema amemlea mwenyewe tangu ndama, na amempa jina la babu yake. Alipotuona, maneno yalimkauka.

"Daktari," alimwambia Masatu, "njooni kesho."

"Chanjo haijui kesho, mzee. Barafu inaisha."

Mzee Makuru akamkonyeza. Masatu alikuwa ameinamia sanduku lake, hakuona. Akanikonyeza mimi. Nikamwonea huruma.

"Shikamoo mzee. Jicho limeingia vumbi? Nina maji safi hapa kwenye chupa."

Shangazi Nyamisi akapaliwa na chai.

Tukaanza. Ng'ombe wa kwanza, pii. Wa pili, pii. Wa tatu, pii-pii. Nikatazama kioo, moyo ukaruka kwa furaha. Unajua jinsi mtu wa Mara anavyoumia ng'ombe akipotea. Nilijua nimeokoa mali ya mtu, na nikaanza kuona jinsi nitakavyoshukuriwa, labda na kuku wa kwenda naye nyumbani.

"Mzee!" nikapaza sauti hadi jikoni. "Huyu si wako! Mashine inasema ni wa Maingu. Alikuwa amepotea, Mungu ni mwema!"

"Maingu ni rafiki yangu," Mzee Makuru akasema kwa meno. "Amemweka kwangu."

"Sawa mzee. Na huyu ni wa Wambura. Huyu… Maingu tena. Huyu wa Bwire. Na huyu mweupe, wa Bwire pia." Nikamtazama kwa heshima kabisa. "Mzee, una marafiki wengi."

Mzee Kisiri akaweka kikombe chini taratibu. "Makuru," akauliza, "hili ni boma au ni stendi?"

Hapo ndipo Mzee Makuru aliponifikia. "Hivi wewe binti hunyamazagi?" Akanipokonya mashine, akaitupa kwenye hori la kunyweshea.

Masatu akapiga kelele kama aliyetupwa yeye. Mimi sikupiga, maana nilikumbuka ndoo ya Bunda. Mashine ilizama hadi chini, na kutoka huko chini ya maji ikaendelea kuwaka, jina la Bwire likisomeka vizuri kuliko lilivyosomeka juu. Nikaingiza mkono, nikaitoa, nikaiweka chini nikunje mkono wa gauni uliolowa. Lile dume jekundu likaja kunywa, likaikanyaga. Likaizamisha kwenye tope na mavi hadi ikapotea machoni. Nilimwona Mzee Makuru akishusha pumzi ya mtu aliyesikilizwa na Mungu.

Nikaichimbua. Nikaifuta kwa kanga. Nilipokuwa nainuka nayo, ikapita karibu na sikio la lile dume.

Pii-pii.

Mwanangu, safari hiyo nilinyamaza. Niliuziba mdomo wangu kwa kiganja. Lakini kufikia hapo hata kuku walishajua maana ya pii-pii. Aliyekuwa na jina la babu yake Mzee Makuru alikuwa wa Wambura.

Magesa akakaa chini, kwenye vumbi, na shati lake jipya. Mama Magesa akatokea jikoni na mwiko mkononi, akamtazama mumewe, akarudi ndani bila kuuliza. Mzee Kisiri akachukua fimbo yake. Na Mzee Makuru, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumkasirikia, akanigeukia.

"Masatu! Jumatatu nitafika ofisini kwenu Bunda kwa miguu yangu. Huyu binti asiingie tena boma la mtu!"

Masatu hakubishana. Akaninyooshea mkono, kiganja wazi, nimpe mashine.

Nilimtazama yule bwana na kiganja chake, nikaona sufuria letu la jioni likiwa tupu. Nikaikumbatia mashine na tope lake. Nilitaka kuomba msamaha, lakini sikujua nianzie kwa nani. Kwa Mzee Makuru? Kwa Magesa pale chini? Kwa Wambura?

Ndipo Shangazi Nyamisi alipoanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha kutafuniwa mdomoni. Alicheka hadi kiti kikalia, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kisiri, kaa chini."

"Nikae wapi? Kwa Maingu au kwa Bwire?"

"Kaa, nakuambia. Hilo koti ulilovaa ni la nani?"

Mzee Kisiri akavuta kola ya koti.

"La mwalimu wa kwaya," Shangazi akatujulisha sote. "Na viatu je?"

"Nyamisi!"

"Viatu vya mkwe wake. Na mimi hiki kitenge nimekiazima kwa jirani, kesho asubuhi anakitaka aende nacho kanisani. Bahati yetu, Makuru, hawajaleta mashine ya kusomea makoti."

Magesa ndiye aliyecheka wa kwanza, huko chini alikokaa. Kisha Masatu. Kisha jikoni tukasikia mwiko umeanguka. Mzee Kisiri alijitahidi kubaki na hasira, lakini koti lilimbana, akakaa. Mzee Makuru peke yake alibaki amesimama, na Shangazi akamwendea.

"Wa kwako wangapi? Bila marafiki."

"Wapo wapo tu."

"Makuru."

Mzee akatazama juu, akatazama chini, akamnong'oneza sikioni. Shangazi akaitikia kwa kichwa. "Hao wanatosha kuanzia," akasema. "Binti yetu haendi kuolewa na ng'ombe. Waliobaki wa mahari mtaleta mitamba ikizaa." Hesabu hiyo sikuisikia. Ningeweza kubonyeza mahali pamoja tu, mashine ikanipa jumla. Sikubonyeza, na hadi leo sijui.

Kisha akaniita. Nilijua zamu yangu imefika.

"Binti, hicho kitu kilipokuonyesha jina la Maingu, kilimwonyesha nani?"

"Mimi, shangazi."

"Wewe. Kingetaka kutuambia sisi wote, waliokitengeneza wangekifungia spika ya kutaja majina. Kimekuambia wewe, mbona umetugawia?" Akakigonga kioo kwa kidole. "Ungemwita mzee pembeni, ukamwonyesha kioo, ukamwuliza. Angekueleza, ungeandika, ng'ombe angechanjwa, na sisi tungekunywa chai yetu. Kujua ni kazi yako. Kutangaza, nani alikupa?"

Masatu alikuwa bado amenyoosha mkono. Shangazi akamgeukia Mzee Makuru. "Usiende Bunda. Huyu ana watoto wa kulisha nyumbani, mtazame mikono yake inavyoing'ang'ania hiyo mashine. Mtoze faini tu, akumbuke."

Mzee Makuru akanitazama. Akaitazama mashine, ambayo ilikuwa inawaka bado, na nadhani hiyo ndiyo iliyomkatisha tamaa ya kushindana. "Beberu," akasema. "Mweusi mtupu, asiwe na doa hata moja. Na aniletee mwenyewe, asitume mtu."

Masatu akarudisha mkono mfukoni. Tukamaliza kuchanja, mimi nikiwa nimeigeuzia mashine kifuani na kidole juu ya tundu la sauti. Kazi hiyo nilibaki nayo hadi mlipomaliza kusoma wote.

Basi mwanangu, nakuambia wazi usije ukasema nilizunguka. Hiyo simu yako itaanguka, itanyeshewa, mbwa wa watu wataitafuna, na haitavunjika. Uchumba unavunjika. Jina la mama wa watu linavunjika, na hakuna fundi pale mjini anayelibadilishia kioo. Mtu anapokufungulia geti usome mita, anakufungulia na aibu zake zote zilizo uani, kwa kuamini kwamba umekuja kusoma mita. Salimia kwanza kabla hujainamia kioo. Ukiona jambo ambalo halijakaa sawa, mwite mwenye nyumba pembeni, sema naye kwa sauti ya watu wawili. Kama ni la kuripoti, liripoti kwa wakubwa wako, huko ndiko njia yake. Lakini kwa mama lishe lisifike. Na usiseme ulikuwa unatania tu. Mimi hata kutania sikuwa natania, nilikuwa nasaidia, na nusura mtu akose mke.

Leo jioni pita kwa huyo aliyekatiwa maji, uliyesimulia habari zake. Huna haja ya kumweleza mengi. Msalimie, mwulize kama anahitaji ndoo mbili za maji kutoka kwetu, umbebee.

Mungu akupe miguu isiyochoka kwenye vilima vya Musoma. Betri ikae hadi jioni. Mbwa wa watu wakuzoee, mageti yafunguke ukibisha mara moja, na kila nyumba utakayotoka wabaki wanasema, yule kijana ana adabu. Ukawe mzee wa kuaminiwa na siri za mji mzima, ukalale usingizi mzuri nazo.

Beberu yule? Mwaka wa kwanza sikuwa na uwezo. Nilipopata, nilimpeleka mmoja mweusi mzuri hadi Mugeta. Mzee Makuru alivaa miwani, akampekua kama mpelelezi, akapata unyoya mmoja mweupe chini ya kidevu. "Huyu ana doa. Rudi naye. Lakini kaa kwanza, chai iko tayari." Miaka miwili baadaye nikapeleka mwingine. Huyo akasema kwato zake zina weupe. Tukanywa chai tena, na wajukuu zake, watoto wa Magesa, wakamfukuza mbuzi wangu uani hadi jioni. Sasa macho ya mzee hayaoni vizuri, ananijua kwa sauti, na kabla sijamaliza shikamoo anauliza, "Mbuzi wangu yuko wapi?"

Namwambia namtafuta, mzee. Na kweli nadaiwa.