Fundi Fikirini na Kisanduku cha Joto

Mjini Moshi, enzi za Mwingereza, mtu mwenye kitu cha waya kilichoharibika aliambiwa aende kwa Fikirini, ila ajiandae kusemwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, baba yake Mmanyema, mama yake Mpare, na hasira zake hakuzirithi kwa yeyote kati yao. Kazi ya umeme alijifunzia kwenye mitambo ya kukaushia kahawa. Huko joto likizidi kahawa inaungua, likipungua inaota ukungu, na huko ndiko alikopatia ugonjwa wake: hakuweza kuvumilia mkono wa mtu mwingine kwenye kazi aliyoimaliza. Mkewe, Sikudhani, alizoea kusema kwamba hata redio ya nyumbani yeye mke anaisikiliza akiwa mlangoni, kama mgeni, asije akaigusa.

Hakuna haja ya kumcheka. Watu wa namna hiyo ndio wanaofanya taa za wenzao ziwake. Lakini ukali huo huo ndio ulioleta balaa kule Uru, mwaka ule ukungu wa Juni ulipokataa kabisa kuondoka mlimani.

Masista wa zahanati moja juu Uru walikuwa wamepata kisanduku cha kulelea watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wakamwita Fikirini akifunge. Kilikuwa cha mbao, kifuniko chake kioo, na chini yake zilipangwa globu nne za kukipasha joto. Upande wa kichwani palikuwa na kibati kilichofungwa kwa skrubu, na humo ndani ndimo ilimokaa akili yote: ulimi mwembamba wa madini mawili yaliyounganishwa. Joto likipanda, ulimi ulijikunja ukaachana na kipande cha shaba kilichokuwa mbele yake, globu zikazimika. Joto likishuka, ulinyooka ukagusa tena, globu zikawaka. Kibati kiliachiwa mwanya upande wa mtoto ili ulimi uonje hewa ile ile anayoivuta yeye. Nje palikuwa na saa yenye matundu kuzunguka uso wake. Ukichomeka pini kwenye tundu, saa ikifika hapo globu mbili kati ya zile nne ziliwaka au kupumzika zenyewe, kwa kuwa baridi ya mlimani ya alfajiri si ya adhuhuri.

Siku ya kwanza pini zilimshinda. Alizipanga kwa baridi ya Moshi mjini, na kipimajoto kikashuka kulipopambazuka. Akazing'oa, akazipanga upya, akaketi na kisanduku kitupu mpaka akaridhika nacho. Kisha akapaka rangi nyekundu juu ya skrubu za kile kibati, akawageukia waliokuwepo.

“Asiguse mtu! Asifungue, asipanguse, asiegemee. Atakayegusa, mimi sirudi huku.”

Sista Gaudensia, mtawa mzaliwa wa Kibosho aliyeiongoza zahanati, aliwaeleza wagonjwa kwa Kichagga, akipunguza ukali. Hata hivyo waliogopa.

Asubuhi moja Primus, mkulima wa Uru, aliingia karakanani kwa Fikirini akihema, baiskeli ameiangusha mlangoni.

“Fundi, kisanduku kimezimika. Mwanangu yumo ndani.”

“Nani amegusa?”

“Hakuna aliyegusa.”

“Hakuna aliyegusa, halafu kikazimika chenyewe!” alifoka Fikirini, lakini mkoba wa vifaa ulikwisha kuwa begani. Walibahatisha lori lililokuwa likipanda kuchukua mbao, wakasimama nyuma wakishikilia kamba.

Njiani Primus alishindwa kunyamaza. Mtoto ni wa kike, wa kwanza, hata uzito wa kuku hajafika. Mkewe, Martha, ana malaria tangu ajifungue. Tena kuna jingine. Martha ni binti wa Machame, wa nyumba ya Kilutheri, na walipofunga ndoa katika kanisa la Kikatoliki, baba yake, mzee Eliufoo, alisimama mbele ya ukoo akasema huyo si binti yake tena. Mtoto alipokuja kabla ya siku, watu waliyakumbuka maneno hayo, na Martha aliyakumbuka kuliko wote.

“Leo asubuhi mzee ametokea. Nimemkuta amekaa nje kwenye benchi. Sista akanituma kwako kabla sijamuuliza alichofuata.”

“Mambo ya wakwe mimi siyajui,” alisema Fikirini. “Nijuayo ni waya.”

Mzee alikuwepo kweli, chini ya dirisha la wodi, amejifunga koti zito la jeshi. “Shikamoo, mzee,” Fikirini alisema akipita. “Marahaba,” mzee alijibu bila kuinua macho.

Ndani, Sista Gaudensia alikuwa akibadilisha chupa za maji moto kumzunguka mtoto. Zilikuwa zinapoa upesi kuliko jiko lilivyoweza kuchemsha. Midomo ya mtoto ilikwisha badilika rangi, na kulia kwake kulikuwa kama mlango unaokwaruza kwa mbali. Fikirini alimtazama mara moja tu, akaona afadhali atazame mashine.

Alianza na umeme wenyewe, ule uliotoka kwenye dainamo iliyozungushwa na maji ya mfereji. Taa ya dari iliwaka. Akaifungua fyuzi: nzima. Akazichomoa globu moja moja, akazijaribu kwenye taa ya dari: zote nzima. Saa ilikuwa ikitembea, pini zote zipo mahali pake. Akaifuata waya kwa vidole kutoka ukutani mpaka kwenye mbao, asikute jeraha. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Kila alichokikuta kizima kilimwongezea woga, maana kitu kibovu unakitengeneza, lakini kizima utakifanya nini?

“Nani amegusa hapa?” alipiga kelele.

“Ulisema tusiguse, fundi. Hatujagusa,” alisema Sista.

Kitandani, Martha alifumbua mdomo. Aliutazama uso wa yule mtu wa mjini, akafumba mdomo tena. Fikirini alimwona, akadhani ni homa. Laiti angeuliza kwa upole angeokoa muda mrefu, lakini upole hakuja nao.

Kibati alikiacha mwisho kwa kuwa rangi yake nyekundu ilikuwa bado kwenye skrubu, hakuna aliyezifungua. Sasa alizifungua mwenyewe. Ndani, kati ya ulimi na shaba, palikuwa na jani bichi lililofungwa fundo, limesukumwa lote kupitia mwanya wa hewa. Ncha yake ndiyo iliyozuia viwili visigusane.

Hasira ilimpanda mpaka kwenye nywele. Mtoto anakufa, na mtu ametia majani kwenye mashine! Akalichomoa, akalitupa dirishani kwa nguvu. “Taka! Mnatia taka humu!”

Ulimi ukagusa shaba. Globu nne ziliwaka pamoja, na Fikirini aligeuka akitazamia kuona watu wamefurahi.

Hakuna aliyefurahi. Primus alikuwa ameshika kichwa. Nje, mzee Eliufoo alisimama, akalitazama lile jani topeni mbele ya miguu yake, kisha akaondoka bila haraka kuelekea njia ya migombani. Martha alitoka kitandani akitetemeka, akafunua kioo, akamtoa mtoto, akamkumbatia.

“Simrudishi humo,” alisema. “Baba aliniletea isale. Aliliweka upande wa kichwani kwa mwanangu, akalificha kwenye ule mwanya lisije likafagiliwa. Nilikuwa namsubiri mume wangu ili tulipokee wote wawili. Sasa limetupwa, na maneno yake yamebaki palepale juu ya mtoto huyu. Kisanduku kilichotupa msamaha kitamponyaje?”

“Kisanduku hakikutupa kitu,” alisema Sista Gaudensia. “Martha, mtoto amepoa. Mrudishe, nakuomba.”

“Simrudishi.”

Meno ya Martha yaligongana kwa homa, na mtoto alitetemeka pamoja naye. Sista alimgeukia Fikirini, na safari hii hakupunguza ukali.

“Kwetu aliyekukosea akikuletea isale, unamsamehe. Hata kama kosa ni la damu. Halikataliwi, fundi. Na wewe umelitupa kama ganda la ndizi.”

Fikirini alikuwa amesikia habari za isale, kama watu wa mjini wanavyosikia mambo ya mlimani, kwa sikio moja. Aliziangalia globu zake zikiwaka vizuri kabisa juu ya blanketi tupu. Hakuwahi kuchukia kazi yake, lakini dakika ile aliichukia, na zaidi aliuchukia mkono wake mwenyewe. Aliacha bisibisi juu ya meza, akatoka mbio.

Aliliokota jani topeni, akalipangusa kwa shati, akalitia mfukoni. Ukungu ulikuwa mzito hata migomba ya mbele haikuonekana. Alikimbia akiteleza, akiita, “Mzee! Mzee, nisubiri!” Hakuna aliyeitika. Akapita kihamba kimoja cha migomba, cha pili, na mpaka wa kila kimoja ulipandwa masale, mimea ya majani yale yale, marefu kumpita kimo. Alichuma jani moja, la kosa lake mwenyewe. Namna ya kulifunga hakuijua, akalipiga fundo analopiga kwenye waya.

Alimkuta mzee penye daraja la magogo, amesimama, labda kwa kuchoka. Fikirini alilinyoosha lile jani kwa mikono miwili.

“Unajua ulichoshika?” mzee aliuliza.

“Sijui vizuri, mzee. Najua huwezi kulikataa.”

“Umelichuma wapi?”

“Hapo, mpakani.”

“Mpaka wa watu! Hilo nalo ni kosa.”

“Nitamwomba na mwenyewe. Mzee, nisamehe. Nilitupa kitu chako kwa hasira. Sikukijua, lakini hata ningekijua sina hakika kama ningejizuia, ndivyo nilivyo. Sasa binti yako amemtoa mtoto kwenye joto kwa sababu yangu. Nitukane tukiwa njiani, ila twende.”

Mzee alilitazama lile fundo baya. Mdomo wake ulicheza kidogo. Alinyoosha mkono akalipokea.

“Na langu?”

Fikirini alilitoa mfukoni. Mzee alilipulizia pumzi na kulifuta tope lililobaki, kisha wakarudi kwa mwendo ambao mtu wa umri ule hakupaswa kwenda.

Wodini Martha alikuwa bado amemkumbatia mtoto. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na kunyamaza kwake kulimtisha Fikirini kuliko kilio. Mzee Eliufoo alipiga magoti kando ya kitanda, akaliweka jani lake lililochanika kwenye kiganja cha binti yake.

“Maneno yale niliyasema kwa kiburi, Martha,” alisema. “Wewe ni mwanangu.”

Martha alimtazama mumewe. Primus, machozi yakimtoka waziwazi, aliinamisha kichwa kukubali.

“Tumelipokea, baba,” alisema Martha.

Sista alikwisha inama juu ya kisanduku. Kioo kilikuwa kimeachwa wazi muda wote, na baridi ya dirishani ilikuwa imekijaza. Alikifunika, akakitazama kipimajoto, akatikisa kichwa: kitachukua muda kupata joto, na mtoto hana muda. Chupa zote zilikuwa za vuguvugu. Martha alikuwa akitetemeka, na shati la Primus lilikuwa bado limeloa kwa ukungu wa lorini.

“Nipeni mimi,” alisema mzee. Alifungua vifungo vya koti, kisha vya shati. Sista akamlaza mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akamfunika kwa koti mpaka utosini. Mzee aliketi wima kabisa, anaogopa hata kupumua.

Fikirini alichuchumaa mbele ya kipimajoto. Alisogeza pini mbili kidogo, akasubiri, akasikiliza ulimi ukigusa na kuachia, ukigusa na kuachia. Nyuma yake kitu kilipiga chafya ndogo. Kisha kikaanza kulia, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekasirika, na Martha akacheka akilia.

Zebaki ilipanda. Ikafika kwenye alama, ikatulia hapo, sawasawa kama alivyotaka, bila kupita wala kupungua. Fikirini aligeuka kutangaza. Alimwona mzee ameinamisha kidevu juu ya koti lake, midomo ikisema kitu kwa Kimachame, polepole, kitu kisichokuwa cha watu wengine.

“Fundi,” aliuliza Sista, “tayari?”

Fikirini alisogea akasimama mbele ya kipimajoto ili kisionekane.

“Bado kidogo, Sista,” alisema.