Pumzi ya Fundi Miwani

Fundi miwani wa kona yetu hana maneno mengi. Ukimuuliza kama kioo ni cha kiwandani, anakipulizia pumzi ya moto. Chapa ndogo ya kiwanda ikijitokeza kwenye ukungu, ni chenyewe. Isipojitokeza, "Umebadilishiwa, ndugu yangu," kisha anakifuta kwa pindo la shati, kesi imekwisha. Jana mjane mmoja alimletea miwani ya jua ya marehemu mumewe. "Wanangu wanasema baba yao aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Niambie ukweli, fundi." Fundi akaiinua, akavuta pumzi, akaizuia kifuani. Kisha akamrudishia taratibu, ameishika kwenye fremu tu. "Dada, nikipulizia na kufuta, alama hii ya kidole kiooni itapotea. Dole gumba kubwa hivi si lako."