Kipepeo wa Siku ya Sabato

Mama yangu hana huruma na viwavi. Mlimau ulio nyuma ya jiko letu, upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, aliupanda mwenyewe, na kila kiwavi anayeonekana akila majani yake hukutana na patapata ya mguuni mwake. Nilipomwomba aniachie mmoja tu, alinitazama kama mtu aliyeombwa amwachie mwizi ufunguo.

"Wa kazi gani?"

"Wa picha."

Hapo alicheka. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na mazishi, kwa hiyo anajua kwamba picha hulipiwa. Mdudu atamlipa nani? Siku zisizo na harusi wala mazishi mimi hushinda nikitambaa shambani na kamera, hadi majirani wameshaniuliza nimepoteza nini. Nimepiga picha za buibui kwenye majani ya chai, mende wa migomba, panzi, hata konokono. Mbugani sijaenda na sina hamu ya kwenda. Simba ana wapiga picha wa kumtosha.

Kiwavi niliyeachiwa alikula akanenepa. Kisha akajifunga kwa uzi kwenye kijiti, akatulia, akageuka kifuko cha kijani kilichojikunja kama jani bovu. Nikamweleza Mama kwamba ndani ya kifuko kile anajigeuza kuwa kitu kingine, na kwamba kilichobaki ni kungoja. Akasema yeye hana muda wa kungojea wadudu. Lakini alasiri moja ikatushukia mvua ya mawe, ile inayochanachana chai yote, na nilipochungulia dirishani nilimwona ameinama chini ya mlimau, leso imelowa chepechepe, ameshikilia beseni juu ya kile kijiti. Aliporudi ndani alisema alikuwa akilinda malimau. Mti wenyewe haukuwa na tunda hata moja.

Ijumaa kifuko kikawa cheusi, na kwa lenzi niliona madoa ya manjano ya mabawa kupitia ngozi yake. Nilijua maana yake: atatoka kesho asubuhi. Picha hiyo nilikuwa nimeisubiri miaka. Nilifurahi, halafu nikakumbuka kesho ni siku gani.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa kwetu ni mbio: chakula cha kesho kipikwe, viatu vipigwe rangi, kuni ziingizwe ndani, yote kabla jua halijatua. Nilimkuta Mama akichochea maharagwe.

"Mama, kutazama kazi ya Nyasae, Muumba wetu, siku ya Sabato si dhambi."

"Tazama mpaka uchoke. Macho alikupa yeye."

"Na kamera?"

"Kamera ndiyo inayokulisha. Jembe ni jembe, mwanangu, hata ukilimia maua."

Nikasema basi nitatumia simu. Akaniuliza kama mtu anayelima kwa panga halimi.

Niliudhika, tena sana. Mtu mzima na ndevu zangu, nakatazwa kupiga picha ya mdudu!

Asubuhi Mama alitangulia kanisani, maana yeye hufundisha kina mama lesoni ya Sabato. Kabla ya kuondoka alipitia mlimauni, akasimama kidogo, akaenda zake. Nikabaki peke yangu uani. Kamera ilikuwa mezani, betri imejaa, wala hapakuwa na wa kuniona. Kifuko kilipoanza kupasuka niliinuka, nikafika mlangoni, nikarudi. Sijui ilikuwa kumcha Mungu au kumcha Mama. Kwetu tofauti yake ni ndogo. Nikachuchumaa nikatazama. Alitoka kichwa kwanza, mabawa yamekunjamana na kulowa, akaning'inia mpaka yakanyooka, meusi yenye manjano. Kisha akaruka juu ya migomba ya jirani, akapotea. Nilifika kanisani nimechelewa, nina hasira, na pia najiona mtu mwema.

Jua lilipotua tuliimba, tukaomba, tukafunga Sabato. Amina haijapoa, Mama akavuta kigoda karibu yangu, akatoa miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa.

"Haya. Sabato imekwisha. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Mdudu wangu. Alitoka akiwa nani?"

Roho iliniuma kuliko asubuhi. Nikamwambia picha sina. Nikamwambia nilimtii.

Alinitazama.

"Miaka yote hii hunisikii," akasema, "ukaona uanze leo?"

Miwani hakuivua. Nikaanza kumsimulia kwa mdomo, vibaya, maana mimi si mtu wa maneno, na maneno yaliponiishia nikatumia mikono. Alisogeza taa, akainama kuitazama mikono yangu.