Upande wa Nyuma wa Cheti

Mtaani walimwita Nailoni, naye aliitika bila kinyongo. Kibandani mwake mlikuwa na mashine ya kunakili, ya kuchapa, na ile ndogo ya kuvika karatasi plastiki, ambayo ndiyo iliyompa jina. Msusi wa kibanda cha pili alizoea kumtania kwamba ipo siku atampitisha mkewe humo ili asinyeshewe.

Nailoni alicheka, lakini kwake plastiki haikuwa mzaha. Miaka mitatu nyuma, alipovuka mpaka kwa miguu na mkewe na binti yao, mvua iliwapiga siku mbili mfululizo. Alikuwa amefunga vyeti tumboni, chini ya shati. Walipofika kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi alivichomoa vikiwa vimelowa kama matambara ya kudekia. Cheti cha kuzaliwa cha binti kilikuwa uji mtupu. Viwili tu vilinusurika: cha binti cha kidato cha sita na chake mwenyewe cha ualimu. Alivianika juu ya jiwe, akakaa kando kutwa nzima akifukuza kuku.

Kitu cha kwanza alichonunua ugenini kilikuwa ile mashine. Tangu hapo wakimbizi wenzake walimletea kila karatasi yenye maana, naye alizivika moja moja, akiandika daftarini jina la mwenyewe, namba ya simu, aina ya karatasi na tarehe. Alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja. Hakuweza kufanya jambo bila kuliandika. Cheti chake cha ualimu alikitundika ukutani kama sampuli, wateja waone plastiki inavyong'aa. Kazi nyingine hakikuwa nayo, kwa sababu huku hakikutambulika.

Mwaka ule chuo kikuu cha mji kilitangaza, kwa mara ya kwanza, kwamba kitapokea wanafunzi wakimbizi, na ishirini kati yao watasomeshwa bure. Binti aliomba uuguzi. Jina lake lilipotoka, mama yake alilisoma mara tatu kwenye simu, kisha akaenda kuwasomea majirani. Kilichobaki ni kupeleka cheti halisi cha kidato cha sita kabla ya saa tisa alasiri, siku ya Ijumaa.

Jumatano asubuhi baba na binti wakaenda. Karani wa udahili, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikipokea cheti dirishani, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mzee wangu," alisema, "nani amekifanya hivi?"

Akawaeleza taratibu. Cheti cha nchi nyingine lazima kigongwe muhuri wa ulinganisho, wa kuthibitisha kwamba kinalingana na cha hapa, na muhuri huo hugongwa nyuma, kwenye karatasi yenyewe. Juu ya plastiki wino haushiki. Akigonga leo, kesho kidole kinafuta. Waombe kingine kutoka baraza la mitihani la kwao. Nailoni akamwambia kwamba baraza lile lilifungwa siku vita vilipoingia mji mkuu, na jengo lake halipo tena. Karani alimtazama kwa huruma, lakini huruma haikubadili kitu. Kulikuwa na orodha ya akiba. Ijumaa ikigonga saa tisa, nafasi ambazo hazijakamilika angezigawa.

Njiani binti hakumlaumu. Afadhali angelaumu. Alitembea hatua mbili mbele, ameshika bahasha kwa mikono miwili, na Nailoni alimfuata nyuma kama mwanafunzi aliyesahau jibu alilokesha akilikariri. Karatasi ile aliiokoa kwenye mvua, kisha akaiharibu yeye mwenyewe, kwa mapenzi.

Alhamisi hakufungua dirisha la wateja. Gundi iliyoshikishwa kwa moto, aliwaza, kwa moto huachia. Ila ni moto kiasi gani? Msusi alimwazima draya, ile mashine ya kukaushia nywele, akamwonya asije akaibabua karatasi kama alivyombabua yeye sikio mteja mmoja. Nailoni alijaribu kwanza kwenye nakala mbovu. Plastiki ya nyuma ilibanduka vizuri kabisa. Lakini ile ilikuwa karatasi ya dukani. Vyeti vya kwao vilichapwa kwenye karatasi nene yenye nyuzinyuzi, na hapa karibu, ukiacha cheti cha binti, karatasi ya namna hiyo ilikuwa moja tu.

Alipoinua macho kuelekea ukutani, binti aliyesimama kando alielewa kabla yake.

"Hapana, Baba. Hicho hapana."

"Kinafanya nini pale ukutani?"

"Kinasubiri," alisema binti. "Kinasubiri siku utakayorudi darasani."

Nailoni alisogeza kiti ukutani. Halafu akakitungua.

Kona ya kwanza alisogeza draya hadi umbali wa vidole vinne. Karatasi ikageuka rangi ya chai, ikachanika hadi katikati ya jina lake. Aliandika daftarini: vidole vinne, karibu mno. Kona ya pili aliweka shubiri moja, akahesabu hadi ishirini, akavuta kuelekea juu. Nyuzi zikang'oka pamoja na gundi. Aliandika hilo pia. Kona ya tatu alihesabu hadi arobaini, akavuta kwa kulaza plastiki, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asiamke. Ikatoka safi. Ya nne nayo ikatoka safi. Miaka kumi na mmoja ya kazi ilikuwa mezani, imebabuka na kuchanika.

Kisha akakilaza cha binti kifudifudi.

Plastiki ilifika katikati, na draya ikazimika.

Gundi ikipoa ingenata upya, mahali palepale karatasi ilipokwisha kulegea. Nailoni akasukuma rula chini ya plastiki ili isirudi, huku binti akibonyeza swichi na msusi akija mbio, sega ameliacha kichwani mwa mteja wake.

"Iacheni," alisema msusi. "Ikichoka hujizima yenyewe. Inapumzika, kama mimi."

Hakuna aliyecheka. Walisubiri dakika tisa. Nailoni alizihesabu zote, rula mkononi, bila hata kulifuta jasho lililomwingia jichoni. Draya iliponguruma tena, alianza kuhesabu upya kuanzia moja.

Ijumaa saa nne asubuhi karani alipitisha kidole gumba nyuma ya cheti. Kwenye kona moja karatasi ilikuwa imekwaruzika, ukubwa wa punje ya mchele. Aliutazama mkwaruzo ule muda mrefu, akainuka, akaingia nacho chumba cha ndani. Binti alimshika baba yake kiwiko. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mwekundu wa sekunde, na Nailoni aliutazama ukizunguka mara sita.

Karani alirudi na muhuri. Akagonga. Akapuliza, akabonyeza kwa kidole, akawaonyesha kidole. Kilikuwa kikavu.

Binti aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa dirisha, akabaki hivyo. Nailoni alikuwa anatafuta neno la kushukuru karani alipovaa miwani yake.

"Sasa na wale wengine? Tangu jana nimewarudisha wanne, wote plastiki. Kuna mtu huko kwenu anawaharibia vyeti."

Nailoni angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwuliza jina.

"Ni mimi," alisema.

Karani hakumkaripia. Alimsomea majina manne, akakumbusha kwamba saa tisa ni saa tisa. Majina yote Nailoni aliyajua, na namba zao zilikuwa daftarini. Aliwapigia akiwa anatembea, karibu akimbie, huku binti akimpigia msusi kumwomba draya ya pili, ya kupokezana na ile inayojizima. Jana cheti kimoja kilikula saa nzima na zaidi.

Walipofika kibandani, msusi alikuwa amewatoa wateja wake nje na viti vyao. Vijana wawili walishafika na bahasha. Wawili walikuwa njiani.

"Wewe vuta, Baba," alisema binti akinyanyua draya. "Mimi nitahesabu."

Saa sita kasoro robo, kona ya kwanza ilianza kuachia.