Disketi Tatu za Mwalimu

Mwezi uliopita nilirudi Tabora kutafuta kompyuta kuukuu. Fundi mmoja karibu na stesheni alinitazama kama mtu aliyekuja kununua kiatu cha mguu mmoja.

"Dada, hii hata intaneti haifungui. Chukua laptopu uishi vizuri."

Nilimwambia nataka hiyo hiyo: sanduku la rangi ya chai ya maziwa, kioo cha kichogo, na lazima iwe na mdomo wa disketi. Kadi ya sauti iwe ya zamani, maana mpya huharibu milio ya gemu. Diski iwe ndogo, maana programu endeshi ya miaka ile ikipewa nafasi kubwa huchanganyikiwa. Hii ni burudani yangu, na wenzangu wakiniuliza waanzie wapi huwajibu: chagua gemu kwanza, mashine iifuate. Nilikojifunza hayo sijawahi kuwaambia.

Fundi akachomeka disketi kuijaribu. Ilikwaruza, kr-kr-kr, na mimi nikainamisha macho kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Nililelewa na bibi, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu mstaafu. Mwanawe alimletea kompyuta kwa treni kutoka Dar, imeviringishwa kwenye godoro. Mwalimu aliipa kazi moja tu. Alikuwa akipanda basi kwenda vijijini kuwatafuta wazee waliorithi nyimbo za wapagazi, zile ambazo babu zao waliziimba wakibeba mizigo kwenda pwani. Aliziandika kwa Kinyamwezi kwenye madaftari, kisha akarudi kuzichapa kwa vidole viwili huku akiziimba. Diski ya ndani hakuiamini. Alihifadhi kila kitu kwenye disketi tatu, ndani ya kopo la biskuti, na juu ya kila moja aliandika kwa penseli mahali alikozipata: Puge, Usoke, Choma.

Madaftari yaliyokwisha kuchapwa alimpa bibi, ambaye alifungia karanga za kuuza.

"Hutayajutia, mwalimu?" bibi alimuuliza.

"Mchwa hawali mashine, mama."

Jumamosi mchana alikwenda mazoezi ya kwaya kanisani kwao Moraviani na kuniachia ufunguo. Niliketi na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa na karanga, nikichora nyumba kwa kipanya hadi nikachoka. Nilitaka gemu. Kaka mmoja wa mtaani, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa nayo kwenye kompyuta ya mjomba wake: kijana anaruka mashimo, akianguka mashine inalia kama mbuzi.

"Lete disketi tatu tupu," aliniambia.

Tupu sikuwa nazo. Nilichukua ufutio wa shule nikafuta Puge, nikafuta Usoke, nikafuta Choma. Nakumbuka jinsi nilivyopuliza yale mavumbi ya penseli. Yule kaka alichomeka ya kwanza, akageuka.

"We, mbona ina vitu humu?"

"Futa tu."

"Vya nani?"

"Vyangu. Futa."

Jumamosi iliyofuata niliipakia gemu kwenye mashine ya mwalimu, nikazisafisha disketi, nikayaandika upya yale majina matatu kwa kuiga mwandiko wake. Ile C yake ya Choma ilinichukua muda. Nikazirudisha koponi, nikacheza mpaka kengele ya kanisa. Mwalimu alipoiona gemu alicheka, akaomba ajaribu, akaanguka kwenye shimo la kwanza.

Kisha mzee aliyempa mwalimu wimbo wa Choma akafariki. Wanawe wawili walikuja asubuhi na vumbi la safari. Walitaka wimbo wa baba yao, waimbe kwenye maziko, kwa kuwa wao walijua kipande tu. Mwalimu aliwapa viti, akafungua kopo, akachomeka disketi. Tupu. Akachomeka ya Puge, akachomeka ya Usoke. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya karanga ambayo bibi alinituma niwapelekee wageni.

"Nisameheni, wanangu," aliwaambia. "Nadhani nilisahau kuhifadhi. Uzee huu."

Mmoja wao akamfariji: "Si kitu, mwalimu. Tutaimba tunachokijua."

Niliweka sahani mezani nikaondoka.

Baada ya wiki moja alibisha kwetu akiwa amebeba ile kompyuta kifuani. "Chukua, mjukuu wangu. Mikono yangu imeshindwa nayo. Wewe unaielewa." Bibi alipiga vigelegele. Nami nilifurahi, msomaji wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kufuta. Nilifurahi kwelikweli. Mwalimu hakusafiri tena vijijini. Alifariki akiamini kuwa nyimbo zile alizipoteza yeye.

Sasa mashine yangu iko tayari. Gemu ile nimeipata, na mlio wa mbuzi ni ule ule. Nyumba ya mwalimu imekuwa duka la simu, na karatasi za bibi ziliishia mikononi mwa wala karanga.

Juzi nilimpigia mama, ambaye miaka ile alikuwa akija kunitazama kwa bibi, nikamuuliza kama anaukumbuka wimbo wa Choma, ule ambao mwalimu aliuimba ng'ambo ya ukuta. Akauimba taratibu, kisha akakwama. "Hapo mbele sipajui, mwanangu. Aliyepajua ni mwalimu."

Nilizima gemu, nikachapa alichokumbuka, nikakihifadhi kwenye disketi. Juu yake nimeandika Choma, kwa wino. Ndani mna mistari miwili.