Mnyororo niliufunga vizuri, kengele ikaenda zake

Wakuu, assalam alaykum. Niko huku Oman, mji wa Ibra, bibi wa wajukuu kumi na moja, naandika kwa kidole kimoja. Haya yamenipata mwenyewe wiki iliyopita, chumvi sikutia.

Nina baiskeli ya mume wangu, Nassor bin Salum, aliyoinunua Unguja. Siku hizi macho yake hayaoni. Mimi siipandi, naikokota tu. Naipakia ndoo ya vitumbua nakwenda kuuza suq ya Jumatano, lile soko la wanawake peke yao.

Nikirudi napiga kengele mara mbili getini. Ndivyo anavyojua nimefika.

Kengele yenyewe ilibonyea siku ilipomponyoka Fundi Makame kule Mlandege, Unguja. Tokea hapo inalia kama ina mafua.

Basi Jumatano nikapitisha mnyororo gurudumu la mbele na fremu, nikafunga kwenye bomba nje ya mlango wa soko. Nikajisemea, leo siku ya wanawake, nani ataiba?

Nikasahau kuwa wanaume hawaingii ndani, lakini nje wanapita.

Kutoka, baiskeli ipo, mnyororo upo. Siti hakuna. Kengele hakuna.

Bi Zuwena bint Khalfan, tunauza naye jamvi moja, akacheka: "Salma we, umelifunga bomba la serikali lisiibwe!" Alipouona uso wangu akanipokea ndoo.

Nikafika nyumbani, nikafungua geti bila kengele.

"Nani huyo?"

Wallahi, miaka hamsini na mbili ya ndoa, mume wangu ananiuliza nani.

"Mimi."

"Mbona hukupiga?"

"Mikono imejaa, bwana wee."

Uongo huo.

Alkhamisi mkwe wangu Khamis alikuwa anakwenda soko la Sinaw kutafuta mbuzi. Nikamwambia atazame na vyuma vikuukuu wauzaji wanavyotandika chini. Asubuhi hiyo hiyo akanipigia, simu nikaitia spika.

"Mama, kengele ziko tele hapa. Ipi?"

"Zilize moja moja."

Ya kwanza, siyo. Ya pili, siyo. Ya tatu ikalia, ina mafua!

Sijasema neno, Nassor akaita kutoka chumbani: "Karibu, Salma!"

Nami nimo ndani toka alfajiri! Nilicheka hata machozi. "Khamis, ndiyo hiyo, njoo nayo!"

Muuzaji alisema kaletewa na mtu asiyemjua. Siti haikuonekana. Iende, alhamdulillah.

Sasa nina mnyororo mrefu: unapita magurudumu yote mawili, fremu, na vyuma vya chini ya siti. Siti mpya imekazwa kwa nati inayotaka spana, si ya kufungua kwa mkono. Kengele naivua naitia mkobani. Kinachotoka kwa mkono msikiache nje, wanangu.

Nyinyi wenzangu mnafungaje? Nambieni, nasoma zote, ingawa polepole.

Jana nimepiga kengele nikiwa nimeishika mkononi. Nassor kanijibu kabla sijaipiga mara ya pili.