Kumtetea Mbega Mbele ya Watani

Jumapili wanaume wenzake walikwenda kutazama mpira; mume wangu alikwenda kutazama mbega. Tulikaa Mbagala, miaka ile ya Ujamaa, na ng'ambo ya mashamba ya mihogo kulikuwa na msitu wa hifadhi. Juma zima alibeba magunia bandarini. Jumapili alivaa shati lake safi, tukaenda hadi kwenye kijito kilichokuwa humo ndani, akaweka kiganja juu ya macho na kutazama juu ya miti.

"Haya, kaka yako kafika," nilimtania mume wangu, mbega mmoja aliporuka juu yetu, mkia ukining'inia. Alicheka sana. Mimi nilijidai nimechoka, lakini nilipapenda mno. Kwingine kote tulikuwa watu wa kuitwa na kutumwa. Pale hakuna aliyetutaka kitu.

Kisha tukaitwa mkutanoni. Mwenyekiti akasema msitu utafyekwa, tupate shamba la ujamaa. Mume wangu akasimama. Akasema mle ndani chini ya majani ni mchanga mtupu, kijito kitakauka, na mbega hawana pa kwenda.

"Ndugu zangu, nawaomba. Tuuache hata upande mmoja."

Masikini, alisahau kuwa yeye ni Mnyamwezi. Mwenyekiti alikuwa Mzaramo, na wengi mkutanoni Wazaramo, watani wetu. Kwao Mnyamwezi akisimama, kinachofuata ni mzaha.

"Huyu anawatetea wajomba zake!" mwenyekiti akapaza sauti. "Mwacheni jamani, atabaki hana ukoo!"

Watu wakaangua kicheko. "Jamani, mie sitanii," akasema mume wangu, na hapo ndipo waliposhika mbavu, maana mtani hodari husema hivyo hivyo. Na mtani hakasirikiwi. Akakaa chini.

Laiti wangekuwa watu wabaya, ningewachukia nikapumua. Lakini ndio hao hao waliotuletea uji nilipougua.

Tulifyeka wote, yeye na mimi tukiwemo, kwani kazi ya ujamaa haikuwa na sitaki. Msimu wa kwanza mahindi yalistawi. Baadaye mchanga ukatokeza, kijito kikawa tope, kisha vumbi. Mbega wachache walionekana kwenye minazi ya watu, wakapigwa mawe, na hatukuwaona tena. Jumapili mume wangu alikaa barazani na shati lake safi.

"Basi nenda mpirani," nilimwambia.

"Nikaone nini?"

Alipofariki, watani walikuja kama desturi inavyowataka, kuiga vituko vya marehemu ili wafiwa wacheke. Mwenyekiti yule, sasa mzee, alivaa lile shati. Akatembea taratibu hadi katikati ya uwanja, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama juu. Alimwiga barabara, hadi moyo ukanipasuka. Juu hapakuwa na jani hata moja, ni jua tu.

"Shemeji!" akaniita, shingo bado ameikunja. "Mbona siwaoni wajomba?"

"Si mmewamaliza nyie!" nilipiga kelele kwa uchungu wangu wote. "Mmewamaliza, na yeye mmemmaliza!"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi pia ni Mnyamwezi.